Mwanao anatafuta njia kwenye gemu. Nani anamwonyesha?

Wiki hii naanza na ujumbe wa msomaji, baba wa watoto watatu anayeishi Mbagala, Dar es Salaam. Ameruhusu niuchapishe bila jina lake.

"Habari dada. Kijana wangu ana miaka 12, yuko darasa la sita. Mjomba wake anafanya kazi Dubai, na alipokuja likizo alimletea mashine ya gemu, Nintendo Switch. Hivi karibuni, siku tatu mfululizo, nimemkuta anazunguka kwenye msitu mmoja wenye ukungu. Anaingia, anatolewa, anaingia tena. Nilipomuuliza akasema kuna sehemu imefichwa humo ndani, anaitafuta. Nikamwambia huko ni kupoteza muda, shika daftari. Juzi mama yake akafungua simu yake akakuta kijana ameitumia kuuliza njia kwenye grupu la wachezaji. Mtu asiyemjua akamjibu, 'Nitumie namba nikuelekeze pembeni.' Namba alikuwa ameshatuma. Nimeifungia mashine kabatini. Nimefanya sawa?"

Nilimjibu kwa swali moja tu: gemu yenyewe inaitwaje? Hakujua. Majibu yalikuja baada ya karibu saa nzima: "Inaitwa Zelda, Breath of the Wild. Samahani nimechelewa, dada, alikuwa ananieleza."

Saa nzima ya mazungumzo kati ya baba na mtoto wa miaka 12, siku ambayo mashine imefungiwa. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

Anza na namba ya simu

Swali la kabati nitalijibu, lakini namba ya simu haiwezi kusubiri. Mashine iko kabatini, ila yule aliyepewa namba bado yuko nje na simu yake.

Mzazi aliyekutwa na jambo hili afanye mambo matatu siku hiyohiyo. Kwanza, apige picha ya skrini ya mazungumzo yote, kisha ambloku mtu huyo kwenye grupu na kwenye simu. Picha zije kabla ya kubloku, kwa sababu mazungumzo yakifutika ushahidi umekwenda.

Pili, asome mazungumzo hayo pamoja na mtoto, taratibu. Mtu huyo ameuliza nini? Umri? Shule? Picha? Ameomba pesa au ameahidi zawadi? Ameomba wakutane? Kama ameomba picha za mwili au kukutana, hilo si suala la gemu tena. Nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Ipo pia namba 116 ya huduma kwa mtoto, inapigwa bure Tanzania na hata Kenya.

Tatu, na hapa wazazi wengi huteleza, mtoto asikie kwamba hajaharibu kwa kuomba msaada. Ukimfokea leo, siku mtu mwingine atakapomwandikia jambo baya zaidi, hatakuambia. Mwambie hivi: "Kuuliza njia ni vizuri. Ila namba ya simu ya nyumbani haitoki bila kutuuliza."

Simaanishi kila anayejibu kwenye magrupu ya gemu ana nia mbaya. Wengi ni vijana wanaopenda mchezo wao na wanafurahi kusaidia. Mpe mtoto kipimo rahisi cha kuwatofautisha: maelekezo ya njia ndani ya gemu yanaandikwa kwa mistari miwili, hapohapo, kila mtu akiona. Hayahitaji namba ya simu, picha wala "njoo pembeni".

Msitu wenyewe ni upi

Sasa tuingie msituni, kwa sababu mzazi asiyejua mtoto anatafuta nini hawezi kumsaidia.

The Legend of Zelda: Breath of the Wild ilitoka Machi 2017. Mhusika mkuu anaitwa Link. Anaamka kutoka usingizi wa miaka 100 katika nchi ya Hyrule iliyoharibiwa, na kazi yake ni kuiokoa. Ni gemu ya dunia iliyo wazi, maana yake mchezaji hapangiwi aende wapi. Akishamaliza eneo la kwanza anaachiwa nchi nzima: milima, majangwa, mito, vijiji. Ramani ni tupu mpaka apande mnara wa eneo husika, na hata akiupanda, ramani inaonyesha mito na vilima tu. Kilichojificha humo atafute mwenyewe.

Kaskazini mwa kasri la Hyrule kuna msitu unaoitwa Lost Woods, yaani msitu wa kupotea. Ukiingia, ukungu unatanda na miti mikavu yenye sura kama za watu inakuzunguka. Ukikosea njia, ukungu unakufunika na unajikuta umerudishwa mwanzo. Hakuna adui wa kupigana naye wala kibao cha kukuelekeza. Huko ndiko kijana wa Mbagala alikokuwa.

Njia ipo, na dalili zake ziko wazi kwa anayetazama. Nawapa wazazi siri hii, lakini msimwambie mtoto. Mwanzoni kuna mienge inayowaka, unaufuata mmoja hadi mwingine. Mahali mienge inapoisha, tazama cheche za moto zinapeperukia upande gani. Beba mwenge wako mkononi, fuata upande cheche zinakoelekea, na kila zinapobadili uelekeo nawe ubadili. Upepo ndio unaokuongoza hadi unatokea kwenye uwazi wenye mti mkubwa unaozungumza, na mbele yake upanga wa kale umechomekwa kwenye jiwe.

Lakini msifurahi mapema. Upanga huo hautoki mpaka mchezaji awe na mioyo 13, na gemu inaanza na mitatu. Moyo mmoja wa kuongeza hugharimu kumaliza vihekalu vinne vya mafumbo, ingawa mingine michache hupatikana kwa kushinda vita vikubwa. Hivyo ipo siku mtoto atapita msitu kwa shangwe, atashika upanga, atavuta, na ataambulia patupu. Jiandae kwa siku hiyo.

Kwa nini hawezi kuacha

Wazazi wengi huniambia, "Akikaa pale, amerogwa." Hajarogwa. Gemu imetengenezwa na watu wanaojua wanachofanya.

Mwaka 2017 watengenezaji wa Breath of the Wild walieleza mbinu yao kwenye mkutano wa wataalamu wa gemu huko Japani. Walipanga vilima na miamba kwa umbo la pembetatu. Pembetatu huficha kilicho nyuma yake na kumpa mchezaji uamuzi: apande juu, au azunguke. Akizunguka, kitu kingine kinaanza kuchungulia taratibu: paa la mnara, moshi, mwanga. Akifika hapo anaona kilima kingine. Ndiyo maana ukimwambia "zima", anakujibu "bado kidogo tu". Hakudanganyi. Ndani ya gemu hiyo, daima kuna "kidogo" kingine nyuma ya kilima.

Tena hamu hiyo haikuanzia kwenye mashine. Aliyeanzisha Zelda ni Mjapani Shigeru Miyamoto, aliyezaliwa mwaka 1952 na kukulia Sonobe, mji mdogo karibu na Kyoto. Amesimulia jinsi alivyokuwa akizurura milimani na porini utotoni, hadi siku alipokuta mdomo wa pango. Hakuingia mara moja, aliogopa. Baadaye alirudi na taa, akaingia. Zelda ya kwanza ilipotoka mwaka 1986, ilijaa mapango yaliyofichwa nyuma ya kuta za mawe na chini ya vichaka, na msitu wa kupotea ulikuwemo tangu wakati huo.

Mzazi uliyecheza kombolela unaielewa hamu hiyo vizuri. Ulijua pagala lipi lina chumba cha nyuma, mti gani una shimo, na njia ipi ya mkato inatokea kisimani. Hakuna mtu mzima aliyekuchorea ramani. Leo mitaa yetu mingi imejaa, viwanja vimezungushiwa ukuta, bodaboda zinapita kila kichochoro, na sisi wenyewe tunaogopa kumwachia mtoto wa miaka 12 azurure. Tumemwambia akae ndani. Amekaa ndani, akapata pango.

Anachojifunza, na asichojifunza

Sitawaambia kwamba gemu itamfanya mtoto awe wa kwanza darasani. Mtoto anayecheza badala ya kulala atasinzia kwenye hesabu, hilo halina mjadala.

Lakini utafutaji wa sehemu iliyofichwa una mafunzo yake. Mtoto aliyeingia msitu uleule mara 10 na kutolewa mara 10 anafanya kazi ya kichwa. Anakumbuka alipopita, anajaribu upande mmoja, anaufuta, anajaribu mwingine. Anavumilia kutojua. Watoto wetu wanaozoea kupewa jibu kila mara hukosa sana uvumilivu huo, na utauona unapomletea swali gumu: dakika mbili tu anauliza, "Kwa hiyo jibu ni ngapi?"

Funzo la pili ni kutofautisha dalili na uvumi. Hapa nitoke kwenye Zelda niende kwenye gemu ambayo wasomaji wengi mnaijua hata kama hamjawahi kuishika, kwa sababu vibanda vya gemu mtaani vimeicheza kwa miaka mingi: Grand Theft Auto: San Andreas, ya mwaka 2004. Ndani yake kuna misitu na mlima mrefu unaoitwa Mount Chiliad. Ilipotoka, ukavuma uvumi dunia nzima kwamba msituni kuna jitu lenye manyoya, Bigfoot, limejificha. Picha zenye giza zikasambaa. Vijana walikesha wakilitafuta. Halikuwemo kwenye gemu ilivyouzwa. Majitu yaliyoonekana kwenye video yaliwekwa na wachezaji wenyewe kwa kuibadilisha gemu.

Hizo ni safari mbili zinazofanana kwa nje. Katika msitu wa Zelda, gemu yenyewe imeweka cheche zinazopeperuka, na yeyote anaweza kuzitazama na kujaribu. Katika msitu wa San Andreas kulikuwa na maneno ya "jamaa mmoja ameliona" tu. Mfundishe mtoto maswali matatu: nani ameona, ameonaje, na mimi naweza kujaribu mwenyewe? Yatamfaa ndani ya gemu. Yatamfaa pia siku atakapotumiwa kwenye WhatsApp ujumbe wa dawa inayotibu kila kitu.

Jibu linapatikana wapi

Mtoto akishindwa kabisa, atatafuta jibu nje ya gemu. Hilo ni la kawaida, na wachezaji wamekuwa wakipeana njia tangu zamani. Muhimu ni anakwenda kwa nani.

Video za YouTube zinaonyesha karibu kila sehemu iliyofichwa, hatua kwa hatua. Hasara yake ya kwanza ni bando. Ya pili ni kwamba video moja huleta nyingine, na baada ya nusu saa mtoto hayuko tena kwenye msitu wa Zelda, yuko kwa mtu anayepiga kelele na kutukana. Akilazimika kutazama, atazame sebuleni, video moja, kisha afunge.

Tovuti na viungo vinavyoahidi kufungua kila kitu ni hatari zaidi. "Pakua hapa upate mioyo yote." "Jaza namba ya simu upate ramani kamili." Vingi huishia kupachika programu mbovu kwenye simu au kuiba nywila. Na simu hiyo mara nyingi ni ya mama, yenye pesa zake za M-Pesa au Mixx. Kanuni ya nyumba iwe fupi: hakuna kupakua wala kujaza chochote bila mtu mzima kuwepo.

Kisha kuna watu wasiojulikana, ambao tumeshawazungumzia. Niongeze hili moja. Mtoto hamfuati mgeni kwa sababu ni mjinga. Anamfuata kwa sababu mgeni huyo amechukulia shida yake kwa uzito. Nyumbani aliambiwa anapoteza muda. Kwenye grupu mtu alimwambia, "Pole, hata mimi nilikwama hapo." Kwa mtoto wa miaka 12 sentensi hiyo ina nguvu kuliko tunavyodhani, na watu wabaya wanaijua. Sasa jiulize: kwa nini sentensi hiyo isitoke kwako?

Namna ya kusaidia bila kutoa jibu

Huhitaji kujua kushika pedi. Kaa pembeni yake dakika 15, uliza, nyamaza, sikiliza. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Umeshaona nini humo ndani?"

"Miti ina sura, baba. Na mienge."

"Mienge iko mingi?"

"Mwanzoni. Halafu inaisha."

"Pale inapoisha, kuna kitu kinachotembea?"

"Hakuna. Ukungu tu." Ananyamaza. "Na cheche."

"Cheche zinakwenda wapi?"

Hapo usiseme lolote. Utaona mgongo wake umenyooka.

Maswali matatu yanatosha kwa karibu kila gemu ya aina hii: umeona nini, umejaribu nini, na wapi hujatazama? Swali la kwanza linamrudisha kwenye dalili. La pili linamzuia kurudia kosa lilelile. La tatu linamfungulia mlango. Ukiona amekasirika, ongeza la nne: "Tuiache hadi kesho?" Mara nyingi akilala kichwa kinatulia, na kesho yake anaona alichokuwa anakipita.

Mpe pia karatasi na penseli achore njia alizopita, hii imefungwa, ile imerudisha mwanzo. Mtoto anayechora anatulia, na wewe unapata cha kumuuliza wakati wa chakula.

Kama una watoto wawili, mmoja ashike pedi na mwingine awe msoma ramani, kisha wabadilishane. Ugomvi wa "zamu yangu" hupungua kila mmoja anapokuwa na kazi.

Suala la muda

Wazazi wengi wanaogopa kuzima gemu kwa sababu mtoto hulia kwamba atapoteza kila kitu. Kwa Nintendo Switch, ukibonyeza kitufe cha kuwashia, mashine inalala, na ukiiamsha gemu inaendelea palepale ilipoishia. Breath of the Wild pia inajihifadhi yenyewe kila baada ya muda. Hivyo "nikizima nitaanza upya" mara nyingi haina mashiko.

Ipo programu ya bure ya simu inayoitwa Nintendo Switch Parental Controls. Unaiunganisha na mashine, unapanga dakika za kucheza kwa siku, na unaona mtoto amecheza gemu gani kwa muda gani. Muda ukiisha, skrini inamwarifu, na ukitaka unaweza kuiamuru isimamishe mchezo kabisa.

Programu isichukue nafasi ya makubaliano, hata hivyo. Kaeni mezani mpange: siku za shule ni dakika ngapi na baada ya kazi gani, Jumamosi ni saa ngapi. Mpe onyo la dakika 10 kabla, na umuulize, "Unakwenda wapi sasa hivi kwenye gemu?" Akisema anapanda mlima, mwambie afike kileleni kisha alaze mashine. Akisema anaanza safari mpya, mwambie aianze kesho. Kukatiza mtu katikati ya mlima huleta ugomvi usio wa lazima.

Mashine na simu zisilale chumbani kwa mtoto. Hili halina mjadala nyumbani kwangu na ningependa lisiwe na mjadala kwako.

Umri na vibanda

Dunia iliyo wazi si sawa na dunia salama. Soma alama ya umri kwenye kasha au kwenye duka la mtandaoni. Breath of the Wild imewekewa umri wa miaka 10 na kuendelea kwa mfumo wa Marekani, na miaka 12 kwa mfumo wa Ulaya. Ina mapigano, lakini si ya damu. San Andreas imewekewa 17 kwa Marekani na 18 kwa Ulaya, kwa sababu ya mauaji, matusi na mambo ya ngono. Mtoto wa darasa la nne anayekaa kibandani akiicheza hafanyi utalii wa ramani tu.

Kama mtoto wako anacheza kibandani, nenda siku moja wewe mwenyewe. Salimia mwenye kibanda, uone skrini zinaonyesha nini, umweleze ni gemu zipi mtoto wako haruhusiwi na saa ngapi awe ametoka. Mwenye kibanda anayekujua kwa sura atakusaidia kuliko amri uliyomwachia mtoto mlangoni.

Si lazima apate vyote

Kuna watoto, hasa wenye bidii kupita kiasi, wanaoumia kwa sababu hawajamaliza kila kitu. Wasaidieni na habari hii. Breath of the Wild ina vihekalu 120 na mbegu 900 za viumbe wadogo wa msituni wanaoitwa Korok, zimefichwa chini ya mawe, juu ya paa na ndani ya madimbwi. Ili kupanua kabisa mifuko ya silaha, mbegu 441 zinatosha. Na yule anayezipata zote 900 hupewa zawadi ya mzaha: kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi, ambacho hakimsaidii vitani.

Watengenezaji waliweka 900 ili kila mtu, popote atakapopita, akute chache. Mweleze mtoto hivyo. Kujua pa kuachia ni sehemu ya kucheza vizuri.

Kabati

Kwa kaka yetu wa Mbagala, na kwa yeyote aliyefungia kitu wiki hii: siku chache za kufungia si vibaya, kama zimetumika kushughulikia namba ya simu na kuandika kanuni za nyumba. Zikizidi hapo, mtoto anajifunza jambo moja tu, kwamba akipata tatizo asiseme. Itoe mashine. Weka kanuni tatu ukutani: muda tuliokubaliana, hakuna namba wala picha kwa mtu wa mtandaoni, na ukikwama tuulize kwanza sisi. Kanuni hiyo ya tatu inakudai wewe mzazi pia, maana akija kuuliza lazima umpate muda.

Na Jumamosi moja mpeleke nje. Shukeni kituo kimoja kabla ya kituo chenu, mwambie, "Leo wewe ndiye unayejua njia. Tupitishe mahali ambapo sijawahi kupita." Usimsahihishe akizunguka. Mkifika nyumbani, mwachie aseme alijuaje pa kukata kona.

Mama na baba, mkiwa na swali kuhusu watoto na simu, nitumieni ujumbe kwa njia ya kawaida ya ukurasa huu. Wiki ijayo: mtoto anayetaka kununuliwa nguo za mhusika wake ndani ya gemu kwa pesa halisi, na namna ya kukataa bila vita.